KOKI KUU ISIWE SIRI YA BABA

Najua ya kuwa ukurasa huu wa Kiswahili umezoea mambo ya heshima zaidi kuliko mabomba ya maji na vyoo. Lakini mimi ni fundi wa mabomba hapa Kampala, na kabla ya hapo nilikaa katika madarasa haya haya mnayokaa ninyi, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kuleta habari za kazi yangu mbele ya ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo. Neno langu ni moja, nami nalitoa mapema ili asiye na wakati aondoke nalo: maji yanapofurika nyumbani, nyumba haiokolewi na fundi. Huokolewa na yule aliyemo ndani wakati ule, na aghalabu huyo ndiye ambaye hakuambiwa kitu.

Tufanye hesabu kidogo. Bomba la nusu inchi, ambalo ndilo lililomo katika nyumba nyingi, likikatika kabisa laweza kujaza dumu la lita 20 kwa dakika moja au mbili. Tuseme ni mbili. Mimi nikipigiwa simu, na nikiwa na bahati ya kupita njiani bila kukwama katika magari, nitafika baada ya saa moja. Katika saa hiyo moja madumu 30 yamekwisha mwagika, yaani lita 600, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo 1. Kilo 600 za maji zimepita juu ya magodoro, magunia ya unga, vitabu vya watoto na pengine nyaya za umeme. Hata kama ningekuwa fundi bora kuliko wote wa Uganda, hapo nimekuja kukausha, sikuja kuokoa. Lakini mtoto wa miaka 10 ajuaye koki kuu ilipo, na ajuaye kuifunga, angalimaliza shauri lile kwa nusu dakika. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli, ila yale ambayo bado yamo bombani yanazuilika.

Wengi huniuliza, mbona mabomba hupenda kupasuka usiku? Si uchawi, ni somo la fizikia. Maji ya Kampala hutoka katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu mpaka katika matangi yaliyojengwa juu ya vilima, kama yale ya Muyenga, na kutoka huko hushuka kwa uzito wake yenyewe. Kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita mraba ya bomba. Basi nyumba iliyo bondeni, mita 60 chini ya tangi, huweza kupata msukumo wa karibu kilo 6 juu ya kila sentimita mraba. Mchana watu wengi hufungua mabilula, ambayo sisi hapa huyaita tapu, na msukumo ule hupungua njiani. Usiku watu wamelala, mabilula yamefungwa, na msukumo wote hurudi juu ya mabomba. Kiungo kilichochoka hupasuka wakati huo, na nyumba nzima imo usingizini.

Tena iko ajali nyingine ya kwetu hasa, nayo huniletea kazi kuliko kupasuka kwa mabomba. Maji yamekatika mtaani. Mtu afungua bilula la sinki, halitoi kitu, naye akaenda zake kazini bila kulifunga. Pengine sahani moja au kitambaa kimeziba tundu la sinki. Saa sita maji yarudi. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichopasuka, walakini jioni mwenye nyumba ayakuta maji yakimpokea mlangoni. Dawa ya ajali hii haina gharama hata shilingi moja: bilula lisilotoa maji lifungwe kama lile litoalo. Yafaa iwe sheria ya kila nyumba, na mtu wa mwisho kutoka apite kuyatazama yote.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Nyumba moja niliyoitwa, ambayo mtaa wake sitautaja, kiungo cha bomba chini ya sinki la jikoni kilifyatuka saa tatu asubuhi. Ndani walikuwamo bibi mzee na mjukuu wake wa kike wa miaka 12. Koki kuu ilikuwa uani pamoja na mita, ndani ya kisanduku cha chuma, na kisanduku kilifungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi wa mita. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba, naye yuko kazini Entebbe. Mtoto yule alimtoa bibi yake nje, akatoa magodoro, akachota maji kwa sufuria na kuyamwaga uani mpaka mikono ikamchubuka. Baba yake na mimi tulifika saa nane mchana. Kwa hesabu ile ile ya madumu 30 kwa saa, lita 3,000 zilikwisha pita, nazo zote zilihesabiwa na mita. Neno la kwanza la baba lilikuwa kumgombeza mtoto: kwa nini hukufanya kitu?

Nilinyamaza kwa adabu, kwa kuwa nyumba ni yake, lakini hapa nitasema. Mtoto yule hakuwa na kosa. Alifanya kila jambo alilofundishwa, na lile moja ambalo lingefaa hakufundishwa, na ufunguo wake hakupewa. Katika nyumba nyingi niingiazo, ajuaye koki ilipo ni baba peke yake, kama kwamba ni siri ya ukoo. Na baba hashindi nyumbani. Washindao nyumbani ni mama, bibi, watoto na msichana wa kazi. Twawaachia nyumba nzima mikononi mwao, twawanyima kitu kimoja cha kuiokolea, kisha twawalaumu. Nasema wazi kwamba hiyo si haki, tena ni upumbavu, kwa sababu hasara humrudia baba yule yule.

Basi ni nini ambacho kila aliyemo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, yampasa akijue? Si kingi, nami nitakipanga kwa taratibu yake.

Kwanza, uhai. Maji yakifika karibu na soketi za umeme, mtu asikanyage ndani yake. Kama swichi kuu iko mahali pakavu, na mikono yake ni mikavu, aizime. Kama haifikiki bila kukanyaga maji, watu wote watoke nje, wakae mbali, na wenye umeme wao waitwe waukate kutoka nje. Godoro hununuliwa tena.

Pili, koki. Koki kuu huwa karibu na mita, au pale bomba liingiapo uani. Yenye gurudumu hufungwa kwa kuizungusha kuelekea mkono wa kulia, kama saa izungukavyo. Yenye mkono mmoja wa chuma huwa wazi mkono ukilala sambamba na bomba, na huwa imefungwa mkono ukilikata bomba kama msalaba. Nyumba yenye tangi lake ina koki ya pili chini ya tangi, na wengi huisahau. Hufunga ile ya mita, wakashangaa maji hayakomi, kumbe lita 1,000 za tangini zinaendelea kushuka. Zifungwe zote mbili. Baada ya kufunga, lifunguliwe bilula lililo chini kuliko yote, nje ya nyumba likiwapo, ili maji yaliyobaki bombani yatokee huko.

Tatu, hita ya maji moto, kwa walio nayo. Maji yakikatwa, hita izimwe, maana ikiwaka bila maji huungua. Na hapa naomba msikilize vizuri. Hita huwa na valvu ndogo ya usalama, ambayo kazi yake ni kutoa maji msukumo unapozidi ndani. Huweza kudondosha matone, na mtu asiyejua huona ni uchafu akaiziba kwa kizibo. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu, na lilifanywa na mtu ajiitaye fundi. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Tangi lililozibwa pumzi yake na kuwekwa motoni ni bomu ndani ya bafu. Valvu ile ikidondosha, hita izimwe na aitwe fundi wa kweli, haizibwi kamwe.

Nne, maji yakikusanyika juu ya dari mpaka dari ikashuka tumbo, msikae chini yake wala msingoje ianguke. Umeme ukiisha kuzimwa, simameni pembeni, wekeni beseni, mtoboe tundu dogo kwa msumari uliofungwa kwenye fimbo, maji yatoke polepole. Tundu moja ni rahisi kuziba kuliko kujenga dari nzima.

Tano, kama maji ni lazima yatumike na fundi yuko mbali, ufa mdogo waweza kufungwa kwa kitambo. Koki ikiisha kufungwa, kausheni bomba, kateni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungusheni kwa kuuvuta sana, kila mzunguko ukipanda nusu ya ule wa kwanza, kisha ukazeni kwa waya. Kisha fungueni koki kidogo tu. Hiyo ni bendeji, si dawa. Nimekuta bendeji za miaka miwili, na chini yake bomba la chuma limekwisha liwa na kutu mpaka laingia kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu choo kilichoziba na maji yanapanda, neno ni fupi: msivute mara ya pili. Fungeni kikoki kidogo kilicho nyuma ya choo, au inueni boya ndani ya tangi lake, maji yatakoma. Wala msichanganye dawa kali ya kuzibulia na dawa ya klorini ya kufulia, kwani baadhi ya michanganyiko hiyo hutoa hewa yenye sumu. Na kama shida iko katika karo, yaani shimo la maji machafu, mtu yeyote asiingie ndani, hata kwa dakika moja, hata kwa kumfuata mwenziwe aliyeanguka. Hewa iliyomo humo ina sumu. Hunuka kama yai bovu, na ikizidi huiua pua isisikie tena harufu, kisha humwangusha mtu bila kelele. Habari za watu wawili au watatu kufa katika shimo moja, kila mmoja akimfuata wa kwanza ili amwokoe, zimesikika mara nyingi mno katika nchi zetu. Wengi wao ni vijana waliolipwa fedha kidogo. Aliyeanguka huitiwa watu wenye vyombo vya kupumulia, na watu wazuiwe kukaribia shimo.

Hayo ndiyo yote. Hayahitaji spana, wala hayahitaji cheti. Yaweza kufundishwa kwa nusu saa, nayo yamekosekana katika nyumba za watu waliosoma miaka 16.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, mimi nimesoma, mabomba yana watu wake. Huyo namkumbusha Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, bingwa wa hesabu, ambaye alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Mwaka 1775 huko Uingereza alipata hati ya uvumbuzi wa choo ambacho bomba lake limepinda kama herufi S, ili maji kidogo yabaki katika pindo na kuzuia harufu isirudi ndani. Pindo lile ndilo lililo chini ya sinki na vyoo vyetu mpaka leo. Kama mtu wa elimu kama ile hakuona haya kuketi akafikiri juu ya choo, mwenye shahada wa Kampala ataonaje haya kuinama na kuifunga koki yake mwenyewe?

Wa pili ni kinyume cha huyo. Yeye ametazama picha za video katika simu, naye atasema, sina haja ya fundi, nitafanya yote mwenyewe. Huyu ndiye anipaye kazi iliyo ghali kuliko zote, maana mimi huanza kwa kubomoa alichokijenga. Hukaza kiungo cha plastiki kwa nguvu za kukazia chuma, kikapasuka ndani ya ukuta. Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema kuzuia na kutengeneza ni kazi mbili mbalimbali. Kuzuia ni wajibu wa kila mtu aliye nyumbani, hata mtoto. Kutengeneza ni kazi ya aliyejifunza. Hata moto huzimwa na aliye karibu, na ukuta ulioungua hujengwa na mwashi, wala hakuna aonaye ajabu.

Wa tatu atasema, tukiacha ufunguo wa kisanduku nyumbani, mita itaibwa. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Lakini ufunguo wa pili waweza kutundikwa jikoni, mahali ambapo wa nyumbani hupajua na mpita njia hapajui. Au fundi aweke koki nyingine ndani ya ua, baada ya kisanduku, ambayo haina cha kuibwa. Gharama yake ni ndogo kuliko godoro moja.

Sasa nawageukia ninyi mnaosoma. Mtakapokwenda likizo, nawapa kazi ambayo haitasahihishwa na mwalimu. Siku ya kwanza mkiwa nyumbani, ombeni ruhusa kwa baba au mama, mwonyeshwe koki kuu. Ifungeni, mwende jikoni mkahakikishe maji yamekoma, kisha mwifungue. Ikiwa ngumu msiipige wala msiikaze kwa mtaimbo, mwambieni mzazi aite fundi kabla ya siku ya shida, kwa kuwa koki isiyoguswa miaka mingi huganda, na ifaayo huchezeshwa japo mara mbili kwa mwaka. Ipakeni rangi nyekundu. Kisha, na hili ndilo kubwa, waiteni wote walio nyumbani, bibi, wadogo zenu na msichana wa kazi, kila mmoja aifunge kwa mkono wake mwenyewe. Kuonyeshwa si kujua.

Mkiwa hapo, yafungeni mabilula yote mkaitazame mita. Kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali. Bilula lidondoshalo tone moja kwa kila nukta laweza kupoteza karibu lita 20 kwa siku, yaani dumu zima ambalo jirani asiye na bomba hulinunua na kulibeba kichwani.

Kwa walimu wetu naomba jambo dogo. Mabweni yetu yana koki zake. Kila bweni liwe na viranja wawili waijuao koki ya bweni lao, na mahali pake pachorwe katika karatasi ukutani karibu na mlango.

Na kwa ninyi, wanafunzi wa zamani wenzangu, najua wengi wenu sasa ni wenye nyumba za kupangisha. Wapangaji sita wanakaa katika ua wenu, koki ya wote imefungwa ndani ya ukuta wa nyumba yenu, nanyi mwishoni mwa juma mmekwenda kijijini. Bomba likipasuka usiku wa Jumamosi, wale watu wafanye nini? Mnapompa mpangaji ufunguo wa mlango, mpeni pia maarifa ya koki. Ni haki yake kwa kodi anayolipa, na ni salama ya mali yenu.

Mtaniambia fundi huyu anajinyima riziki, maana watu wakijua kufunga maji hawatamwita. Msiogope kwa ajili yangu. Mabomba yatapasuka maadamu yana maji, nami nitaitwa tu. Ila ningependa nikifika niikute sakafu kavu, na mtoto aliyefunga koki amekaa mlangoni akiningoja, na baba yake akimsifu.